Sitara, Siri na Mapenzi: Swali la Kimaadili katika "Wotaku ni Koi wa Muzukashii"

Je, mtu anayemficha mpenzi wake jambo analolipenda huwa amemdanganya? Swali hili ni kongwe katika falsafa ya maadili, na aghalabu hujibiwa kwa mifano mizito: mgonjwa asiyeutaja ugonjwa wake, mume mwenye mke wa pili katika mji wa mbali, mdeni anayeoa bila kuyasema madeni yake. Makala haya yanalichunguza kwa mfano ambao mwanzoni utaonekana mwepesi mno. Mfano wenyewe ni Wotaku ni Koi wa Muzukashii, tamthilia ya katuni ya Kijapani, au anime kama wanavyoziita wenyewe, iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani kati ya Aprili na Juni 2018 kwa sehemu 11. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa "Mapenzi ni Magumu kwa Otaku". Chimbuko lake ni hadithi ya picha, yaani manga, ya mtunzi atumiaye jina la Fujita, ambayo ilianza kusomwa mwaka 2014 na kukamilika mwaka 2021 ikiwa na juzuu 11. Kampuni ya A-1 Pictures ndiyo iliyoitengeneza tamthilia, chini ya uelekezi wa Yoshimasa Hiraike.

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona katuni ikipewa nafasi ambayo kwa kawaida hutengewa riwaya, tamthilia za jukwaani na ushairi. Hatuna nia ya kulitetea jambo hili kwa urefu. Itoshe kusema kwamba wengi wa wanafunzi tunaowafundisha nadharia za uhakiki wanazifahamu kazi za aina hii vyema kuliko wanavyovifahamu vitabu tunavyowatahinia, na kwamba mhakiki anayezipuuza huwa amewaachia wauza bidhaa jukumu la kuzifasiri. Fauka ya hayo, kazi hii ina swali la kweli ndani yake, hata kama yenyewe mara nyingi huchagua kulicheka badala ya kulijibu.

Msuko wake si wa kutatiza. Narumi Momose, mwanamke wa miaka 26, anaanza kazi katika kampuni mpya baada ya kuiacha ile ya zamani. Aliiacha kwa sababu alikuwa na mpenzi papo hapo kazini, na mpenzi huyo alipogundua kwamba Narumi ni msomaji mkereketwa wa hadithi za mapenzi baina ya wanaume, aliuvunja uhusiano wao, na mahali pale pakawa hapakaliki tena. Katika kampuni mpya anakutana na Hirotaka Nifuji, waliyejuana tangu utotoni. Hirotaka ni bingwa wa michezo ya video, mtu wa maneno machache, na kinyume na Narumi haoni haja ya kujificha. Siku ile ile ya kwanza nusura amuumbue Narumi mbele ya wafanyakazi wenzao. Baadaye wanapokaa kunywa bia, Narumi analalamika kwamba otaku hana bahati katika mapenzi, na Hirotaka anampa rai: kwa nini basi wasiwe wapenzi wao wawili? Pamoja na rai hiyo anaorodhesha faida. Atamsaidia katika michezo yake, atakuwa upande wake daima. Narumi anakubali. Haya yote hutokea katika sehemu ya kwanza.

Kando yao wamo Hanako Koyanagi na Taro Kabakura, wafanyakazi wenzao waliowatangulia kwa umri na cheo, ambao ni wapenzi tangu zamani. Hanako hujishonea mavazi ya wahusika wa katuni, hasa wahusika wa kiume, na kuyavaa katika mikusanyiko ya mashabiki. Kabakura anapenda hadithi za mashujaa, ila pale kazini hataki lijulikane. Yumo pia Naoya, mdogo wake Hirotaka, kijana wa chuo kikuu asiye otaku kabisa. Tutamrejelea baadaye, maana kwa maoni yetu yeye ndiye ufunguo wa kazi yote.

Uhalisia wa tamthilia hii umesifiwa sana na watazamaji, lakini sifa hiyo haina budi kuelezwa unakotoka. Haitoki katika mandhari peke yake, japokuwa mandhari ni ya kweli: ofisi yenye taa nyeupe, kazi za ziada hadi usiku, treni, chakula cha dukani, mwili uliochoka ambao ungependa kucheza mchezo mmoja kabla ya kulala na unashindwa. Unatoka zaidi katika mahali ambapo masimulizi yanaanzia. Katika hadithi nyingi za mapenzi za anime, wahusika ni wanafunzi wa shule, na taharuki yote hujengwa juu ya kokuhaku, yaani tamko rasmi ambalo kwalo mtu humwambia mwenziwe kuwa anampenda na kumwomba wawe wapenzi. Tamko hilo likishatolewa, pazia hufungwa. Fujita analitoa mwanzoni kabisa, tena kwa namna inayofanana na masharti ya ajira: mimi nitatoa hiki, nawe utapata kile. Kwa hiyo swali la kama watapendana haliwezi tena kuivuta hadithi mbele. Linalobaki ni swali gumu zaidi, yaani watu wazima wawili wanaojuana siri zao hujuana kwa kiasi gani.

Kabla ya kulishughulikia swali hilo yatupasa kulidurusu neno otaku lenyewe, kwa kuwa bila historia yake hofu ya Narumi itaonekana kuwa utoto. Asili ya neno hili ni heshima. Maana yake ya kawaida ni "nyumba yako" au "kwako", na Wajapani hulitumia kama kiwakilishi cha nafsi ya pili mtu anapomsemesha asiyezoeana naye. Mnamo mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori, katika safu yake kwenye jarida la Manga Burikko, aliwadhihaki mashabiki wa katuni waliokuwa wakikutana na kuitana kwa kiwakilishi hicho cha watu wasiojuana. Dhihaka ikawa jina. Kisha mwaka 1989 alikamatwa Tsutomu Miyazaki, muuaji wa wasichana wadogo wanne, na vyombo vya habari vikaonyesha chumba chake kilichojaa kanda za video. Kuanzia hapo neno lilibeba harufu ya jinai kwa miaka mingi. Katika kipindi cha baadaye, hususan baada ya mwaka 2000, lilianza kusafishwa. Serikali ya Japani yenyewe ikawa inazitangaza anime nje ya nchi kama fahari ya taifa. Hata hivyo, neno linaweza kusafishwa kwenye mabango ya utalii na likabaki chafu ofisini.

Kwa upande wa wanawake kuna jina jingine, fujoshi. Kimatamshi ni sawa na neno la kawaida la kumaanisha wanawake, lakini herufi ya kwanza imebadilishwa ili isomeke "aliyeoza". Wasomaji wenyewe wa kike wa hadithi za mapenzi baina ya wanaume walijiita hivyo kwa mzaha. Mzaha wa namna hii si wa kupuuzwa. Anayejitukana mwenyewe kabla hajatukanwa huwa amemnyang'anya adui silaha, lakini pia huwa amekiri kwamba adui yupo na kwamba tusi lina mahali pa kukaa. Narumi anaishi katikati ya hali hizo mbili, na vichekesho vyake vingi vinachipuka hapo.

Sasa turejee kwenye swali tulilolianzia. Lugha ya Kiswahili inatupa vitenzi vitatu ambavyo mwanafalsafa angevitamani. Kuficha hakuna hukumu ya kimaadili ndani yake; mtu huficha fedha, huficha machozi, huficha silaha. Kudanganya ni kumtia mwenzio imani isiyo kweli, na hukumu yake imo ndani ya neno lenyewe. Baina ya viwili hivyo kipo kitenzi kusitiri. Anayesitiri huzuia aibu, iwe yake au ya mwingine, na nomino sitara yatumika kwa nguo, kwa ua uzungukao nyumba, na hata kwa msaada umwepushao mtu na kuombaomba. Hatumwambii mtu aliyevaa nguo kwamba amewadanganya wapita njia kuhusu mwili wake. Je, Narumi alipokuwa na mpenzi wake wa zamani, alikuwa akificha, akisitiri au akidanganya?

Jibu la haraka, ambalo tamthilia inatusukumia, ni kwamba alikuwa akisitiri. Alichokuwa akikizuia ni furaha yake binafsi isiyomdhuru yeyote. Haikuwa ndoa nyingine wala deni. Kusoma kijitabu cha mapenzi ya wahusika wa kubuni hakumnyang'anyi mpenzi wako chochote kilicho haki yake. Mpenzi aliyemkimbia kwa sababu hiyo alionyesha kwamba alichokipenda ni sura aliyoichora mwenyewe, na Narumi alipotoka nje ya fremu, picha ikamchukiza.

Hata hivyo, hatuwezi kumhukumu mtu ambaye hakupewa nafasi ya kujitetea, na tamthilia haimpi mpenzi huyu nafasi hiyo hata kidogo. Tumfikirie kwa haki. Uraibu wa Narumi hauishii kwenye usomaji wa usiku. Una kalenda yake. Comiket, soko la vijitabu wanavyojichapishia mashabiki, lililoanza Tokyo mnamo Desemba 1975 na ambalo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, wakati wa kiangazi na mwishoni mwa mwaka, linataka siku, fedha na maandalizi ya wiki kadhaa. Mtu mwenye shughuli kama hiyo, akiulizwa alikuwa wapi mwishoni mwa juma, hawezi kunyamaza tu. Atalazimika kusema alikuwa mahali pengine. Hapo sitara inashonwa kwa uzi wa uongo, na kadiri nguo inavyokuwa ndefu ndivyo uzi unavyohitajika zaidi. Yamkini mpenzi yule hakuchukizwa na hadithi zenyewe bali na ugunduzi kwamba Jumamosi zote alizosimuliwa hazikuwapo. Hatujui. Lakini mhakiki asiyeuona uwezekano huu atakuwa ameisoma kazi kama wakili wa mhusika mkuu.

Immanuel Kant, ambaye hutajwa mara nyingi kwa makala yake ya mwaka 1797 ya kukataza uongo hata kwa nia njema, ana maneno yasiyosomwa sana katika kitabu chake cha Metafizikia ya Maadili cha mwaka huo huo. Anapozungumzia urafiki, anakiri kwamba binadamu ana haja kubwa ya kujifunua kwa mwenziwe, na papo hapo anabanwa na hofu kwamba atakayefunuliwa siri ataitumia vibaya. Rafiki wa kweli, kwa maoni yake, ni yule ambaye kwake mtu anaweza kufungua mawazo yake bila ya kuwa peke yake gerezani nayo. Lakini hata kwa rafiki huyo, heshima huweka mpaka. Kant mkali wa uongo ndiye huyo huyo anayetambua kuwa si kila kitu ni cha kusemwa. Wajibu wa kutodanganya hauzai wajibu wa kuanika kila kitu. Baina ya wajibu huo na uanikaji pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo wanamoishi watu wengi, wakiwemo Narumi na wenzake.

Mapatano ya Narumi na Hirotaka yanaonekana kuliondoa tatizo hili kwa mkato. Wote wawili ni otaku. Hakuna cha kufichana. Mbele ya ofisi wanasitiriana, na kauli hii ya kutendana ni muhimu, maana sitara iliyokuwa mzigo wa mtu mmoja sasa inabebwa na wawili. Tukitumia istilahi za Aristotle katika vitabu vya nane na tisa vya Maadili ya Nikomako, tutasema kwamba walianza na urafiki wa manufaa na wa starehe. Kila mmoja anampenda mwenziwe kwa ajili ya anachokipata, ama msaada ama raha. Aristotle haudharau urafiki wa aina hiyo. Anasema tu kwamba hauna uthabiti, kwa kuwa manufaa yakikoma nao hukoma, ilhali urafiki wa tatu, ule wa kumpenda mtu kwa jinsi alivyo, huhitaji muda na mazoea.

Hapa ndipo tamthilia inapofanya jambo ambalo jina lake halikuahidi. Polepole tunagundua kwamba uotaku haukuwa siri kubwa hata kidogo. Siri kubwa ni kwamba Hirotaka amempenda Narumi tangu walipokuwa wadogo. Rai yake ya kwanza, iliyojaa faida na haina hata neno moja la moyo, ilikuwa ni sitara: alilifunika pendo lake kwa michezo ya video. Mtu huyu asiyeona haya kuonekana na mchezo mkononi mbele ya ofisi nzima anaona haya kusema kwamba anampenda aliye mbele yake. Naye Narumi, aliyekubali kwa sababu mapatano yalikuwa mepesi, anaanza kuingiwa na wasiwasi kama Hirotaka amemchagua yeye au amechagua tu mtu asiyemsumbua. Wasiwasi huo huo upo upande wa pili. Wanajua kila kitu kuhusu ladha za kila mmoja na hawajui jambo lililo muhimu zaidi. Kumbe ile dhihaka ya Nakamori ilikuwa imegusa kitu: inawezekana watu wakashiriki ulimwengu mzima na bado wakasemeshana kutoka vizingitini, kila mmoja akimwita mwenziwe "nyumba yako".

Tukio la bustani ya michezo linalionyesha hili kuliko mengine yote. Wawili hawa wanaamua kutoka pamoja kama wapenzi "wa kawaida", na wanawekeana kanuni: ni marufuku kutaja jambo lolote la kiotaku siku hiyo, na atakayeteleza atatozwa faini. Narumi amejipamba. Mwanzoni vichekesho vinatokana na jinsi ulimi unavyowaponyoka kila baada ya hatua chache. Lakini tuangalie kinachotendeka chini ya kichekesho. Kanuni hiyo imeondoa mazungumzo yao yote ya kawaida, na kimya kinachobaki kinawatisha. Mtu anaweza kudai kwamba tukio hili linathibitisha kuwa otaku hawezi kuwa mtu mwingine, na kwamba ni ukatili kumtaka ajaribu. Sisi tunalisoma kinyume. Ile siku ya kanuni ndiyo siku wanayotazamana. Mada zilipokuwa nyingi hapakuwa na haja ya kutazamana. Kanuni yenyewe haidumu, na ni vyema isidumu, kwa kuwa hakuna anayeweza kupenda kwa muda mrefu chini ya tishio la faini. Hata hivyo ilifanya kazi ambayo ulinganifu wa ladha usingeifanya kamwe.

Hanako na Kabakura wanatoa ushahidi mwingine kwa njia ya ugomvi. Walijuana wakiwa shule ya sekondari, wote wakicheza voliboli, na tangu wakati huo hawajaacha kuzozana. Wote ni otaku, lakini si wa ladha moja: Kabakura hapendi hadithi za mapenzi ya wanaume anazozipenda Hanako, na humwia vigumu kumzoea mpenzi wake akiwa amevaa kiume na kuzungukwa na mashabiki. Kwa hivyo kundi linaloitwa kwa jina moja na watu wa nje lina kuta ndani yake. Anayedhani kwamba ukimpata "mwenzako" umemaliza kazi atakumbuka kwamba wawili hawa wamo ndani ya ua mmoja na bado inawabidi wavumiliane kila siku. Binafsi tunauona uhusiano wao kuwa uliochorwa kwa ustadi zaidi kuliko ule wa wahusika wakuu. Mtunzi haogopi kuwaacha wakasirikiane kwa mambo madogo, na hasira zao zina historia.

Inafaa kuilinganisha kazi hii na nyingine iliyoitangulia. Mnamo 2004 kilichapishwa kitabu Densha Otoko, yaani "Mwanamume wa Treni", kilichofanywa filamu na tamthilia ya televisheni mwaka uliofuata. Kinasimulia habari za otaku mmoja aliyemtetea mwanamke ndani ya treni dhidi ya mlevi, kisha akaomba ushauri kwa watu asiowajua kwenye intaneti jinsi ya kumkaribia mwanamke huyo. Ushauri aliopewa ni pamoja na kubadili nywele na mavazi. Mapenzi pale ni mlango wa kutokea: otaku anasafishwa ili astahili. Katika Wotaku ni Koi wa Muzukashii mlango umegeuzwa. Hakuna anayetakiwa kutoka, na hakuna mwanamke msafi upande wa pili anayetoa cheti cha ubinadamu. Hayo ni maendeleo ya kimaadili. Lakini yana gharama, kwa kuwa kazi hii imelipunguza tatizo kwa kuwaoanisha walio sawa. Densha Otoko, pamoja na makosa yake, lilithubutu kuuliza kama watu wa ladha mbili tofauti wanaweza kupendana.

Yapo mapungufu mengine ambayo hatuna budi kuyataja. Wahusika wakuu wana kazi za kudumu, sura za kupendeza na afya njema. Yule otaku mpweke ambaye jamii ya Japani ilimwogopa baada ya 1989 hayumo humu hata kama kivuli, na jina lake limeazimwa na watu ambao katika ofisi yoyote wangetazamwa kwa matamanio. Uhalisia wa namna hii ni uhalisia wenye mipaka ya kitabaka. Aidha, kila mara hadithi inapokaribia maumivu, kichekesho huingia kama mtumishi aliyeitwa kwa kengele. Twaweza kulitetea hilo kwa kusema kwamba ndivyo wanavyofanya watu wenyewe, maana fujoshi alijiita aliyeoza kabla hajaitwa. Utetezi huo una nguvu, lakini haumwondolei mtunzi wajibu wa kukaa na jeraha moja mpaka lisemwe.

Ndiyo sababu tunamwona Naoya kuwa ufunguo. Kijana huyu hana siri ya kusitiri. Hazijui hadithi wanazozijadili wenziwe, na katika michezo ya video hana kipaji hata chembe. Kila akishika kidhibiti hushindwa kwa namna ya kuchekesha. Anampenda kaka yake aliye mkimya na mgumu kusomeka, na kwa sababu hiyo huketi naye mbele ya kioo na kujaribu. Kwa kipimo cha mapatano ya sehemu ya kwanza, Naoya hana la kutoa: hamsaidii mtu kupanda ngazi za mchezo wala hana jicho la kuthamini kitabu adimu. Hana hata huruma ile ya mtu anayejilazimisha kuvumilia uraibu wa mwingine. Ana udadisi juu ya mtu, si juu ya kitu anachokipenda mtu huyo, na kitu hicho anakiendea kwa kuwa mtu yuko upande ule.

Aristotle angesema kwamba kupenda ni kumtakia mwenzio mema kwa ajili yake mwenyewe. Tungeongeza kwamba mema hayo hujulikana kwa kuketi karibu na anachokifurahia, hata kama furaha yenyewe haituingii. Naoya anafanya hivyo bila nadharia. Naye anabatilisha, kwa mwenendo wake tu, dai lililomo katika jina la kazi nzima, kwamba ugumu wa mapenzi umo katika uotaku wa mtu na kwamba tiba yake ni otaku mwingine.

Linabaki swali moja ambalo tamthilia haitaki kulifungua. Narumi alimficha mpenzi wake wa kwanza kila kitu mpaka siku alipogundua mwenyewe, na kwa mujibu wa tunavyosimuliwa, mwanamume huyo alifanya alichokifanya. Hatuambiwi kama kuna jioni yoyote, kabla ya hapo, ambapo Narumi alimwekea mezani kitabu kimoja kati ya vitabu vyake na kumkaribisha asome, wala hatuambiwi angefanya nini kama angekaribishwa.